Mchoro wa Kitu Duni na Jina la Fundi Wake

Picha moja iliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani inamwonyesha mchoraji aitwaye Magnus Fossum akiwa kazini mjini Coral Gables, jimbo la Florida, mwezi Februari 1940. Kazi aliyokuwa nayo ni kunakili, kwa brashi na rangi, tandiko la kitanda la mwaka 1770. Mbele yake hakukuwa na mfalme wala jenerali, wala uwanja wa vita, wala mandhari ya milima. Kulikuwa na nguo ya kitanda, ya aina ambayo watu huilalia, huifua, huitia viraka na hatimaye huifanya matambara. Na ujira wa kazi hiyo ulitoka serikalini.

Mwanafunzi wa historia akikutana na jambo kama hili hana budi kujiuliza: serikali ya nchi iliyolemewa na mamilioni ya watu wasio na ajira ilipata wapi sababu ya kumlipa mtu mzima anakili tandiko la kitanda? Jibu lake ni refu kidogo, na linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko linavyoonekana mwanzoni. Katika makala haya nitadai kwamba mchoro makini wa kitu duni ni tendo la kisiasa, kwa sababu unatamka kwamba mikono iliyokitengeneza ina nafasi katika historia ya nchi. Lakini mchoro hauendi peke yake. Chini yake huandikwa maelezo, na ni katika maelezo hayo ndipo huamuliwa nani ataitwa fundi na nani ataitwa kabila.

Tuanze na njaa. Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929, na kufikia mwaka 1933 takriban robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na kazi. Franklin Roosevelt alipoingia madarakani Machi 1933 alianzisha mfululizo wa hatua za kuwarudisha watu kazini. Mwaka 1935 ikaundwa taasisi kubwa kupita zote za aina hiyo, iliyojulikana kwa herufi WPA, chini ya Harry Hopkins. Wengi walipewa kazi za kujenga barabara, madaraja, shule na viwanja vya ndege. Hopkins aliongeza jambo lililowaudhi wengi: akasema wasanii nao wana matumbo kama watu wengine, kwa hiyo nao wapewe kazi inayolingana na ujuzi wao. Ndipo wakaajiriwa wanamuziki, waigizaji, waandishi na wachoraji. Mjini New York mchoraji alilipwa kama dola 23 kwa wiki, na kwa kawaida ilimlazimu kwanza athibitishe mbele ya maofisa kwamba ni fukara kweli. Jambo hilo tulikumbuke tunapoendelea: waliochora vitu vya watu maskini walikuwa wenyewe wamesajiliwa kuwa maskini.

Wazo la kuchora vyombo vya nyumbani lilitoka kwa wanawake wawili. Romana Javitz alikuwa akisimamia mkusanyiko wa picha katika Maktaba ya Umma ya New York. Kila siku walimjia wabunifu wa nguo, wa samani na wa maonyesho ya jukwaani wakitafuta picha za vitu vya Kimarekani vya kale, na kila siku aliona pengo lile lile. Nchi za Ulaya zilikuwa na vitabu vyenye michoro ya mavazi, vyombo na nakshi za wakulima wao. Marekani haikuwa na kitu cha kulinganisha. Ruth Reeves, mbunifu wa vitambaa, alilipeleka wazo hilo mbele kwa wakuu wa mradi wa sanaa. Ukazaliwa mradi ulioitwa Index of American Design, yaani Faharasa ya Usanifu wa Marekani. Ulidumu hadi mwaka 1942, ukaajiri mamia ya wachoraji katika majimbo zaidi ya 30, na ukaacha michoro ipatayo 18,000. Leo michoro hiyo imo katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington, na yeyote mwenye mtandao anaweza kuitazama bila malipo.

Kiongozi wa mradi mzima wa sanaa alikuwa Holger Cahill, na maisha yake yanaeleza mengi. Alizaliwa Iceland, akaletwa Amerika Kaskazini akiwa mtoto mchanga, akakulia katika dhiki ya wahamiaji wa mashambani. Mwaka 1932, kabla ya Roosevelt kushika madaraka, aliandaa katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York maonyesho ya sanaa ya mtu wa kawaida wa Marekani. Katika jumba lililojulikana kwa sanaa mpya ya Ulaya akaweka kazi za maseremala, wahunzi, wachora mabango na wanawake wa vijijini. Kwa hiyo alipokabidhiwa fedha za umma na wachoraji wenye njaa, alikwisha kuwa na imani kwamba taifa lina haki ya kujitazama katika vitu vya watu wasiojulikana.

Vitu gani hasa? Mabirika ya kahawa ya bati yaliyopakwa maua mekundu na manjano na walowezi wa Kijerumani wa Pennsylvania. Vibao vya kugandamizia nakshi kwenye siagi. Vikatio vya biskuti vyenye umbo la ndege na farasi. Vibao vya kuvulia buti, mitungi ya kuhifadhia nyama ya chumvi, wanasesere wa matambara, makufuli, taa za mafuta, viti vya jumuiya ya dini ya Shaker vilivyokuwa vyepesi na visivyo na pambo lolote. Vielekezi vya upepo vilivyosimikwa juu ya mapaa vilichorwa pia. Kimojawapo, malaika Gabrieli akipuliza tarumbeta, kilichorwa na Lucille Chabot, na mwaka 1965 mchoro wake ukatumika kwenye stempu ya Krismasi ya posta ya Marekani. Bati lililokatwa na fundi na kugeuzwageuzwa na upepo juu ya kanisa katika mji wa Newburyport likasafiri juu ya mamilioni ya bahasha.

Sasa niseme juu ya uchoraji wenyewe, kwa maana hapa ndipo msomaji anayeharakisha hukosa utamu. Wachoraji wa mradi huu walifundishwa mbinu maalumu ya rangi za maji, ambayo mizizi yake ilitoka Misri. Joseph Lindon Smith, mchoraji wa Boston, alikuwa ametumia miaka mingi kunakili sanamu na michongo ya makaburi ya Mafarao kwa usahihi mkubwa, na ujuzi wa namna hiyo ukapitishwa kwa wachoraji wa mradi. Mchoraji alianza kwa vipimo na penseli hafifu. Kisha alipaka rangi nyepesi kama maji ya mchele, akasubiri ikauke, akapaka tabaka la pili, la tatu, la kumi, hata bati likawa bati na pamba ikawa pamba. Pale palipopaswa kung'aa hakupaka rangi nyeupe. Aliuacha mweupe wa karatasi ufanye kazi hiyo. Kitu kilichorwa peke yake juu ya karatasi tupu, bila meza wala ukuta nyuma yake, kikiwa na kivuli kidogo tu cha kukizuia kisielee hewani. Mchoro mmoja uliweza kuchukua majuma kadhaa.

Utauliza: kwa nini wasipige picha? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Katika miaka ya 1930 picha za rangi zilikuwa bado changa na hazikuaminika kudumu, na picha nyeusi na nyeupe haiwezi kueleza tofauti kati ya wekundu wa udongo na wekundu wa rangi. Sababu ya pili ni ya kiuchumi: lengo lilikuwa kuwapa watu kazi, na kamera ingewanyang'anya. Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito kwangu. Kamera hukubali kila kitu kwa sekunde moja bila kuuliza. Mchoraji hawezi kuchora mpini wa birika mpaka aelewe umeungwa wapi, kwa risasi au kwa misumari. Hawezi kuchora kitambaa mpaka ahesabu nyuzi na kutambua upi ni mtande na upi ni mshindio. Kila mstari ni swali lililokwisha kujibiwa. Kuna kutu, kuna ubonyevu pale chombo kilipoanguka, kuna rangi iliyofutika pale vidole viliposhika kwa miaka mingi. Mchoraji mwaminifu huyaandika yote hayo. Kwa hiyo mchoro makini ni ushahidi wa aina mbili: unashuhudia kitu, na unashuhudia kwamba kuna binadamu aliyekaa mbele ya kitu hicho kwa muda mrefu akikiona kuwa kinastahili muda huo.

Heshima ya namna hii kwa vyombo ina historia ndefu zaidi ya Roosevelt. Huko Ufaransa, kati ya mwaka 1751 na 1772, Denis Diderot na wenzake walichapisha ensaiklopidia ya majuzuu 28, na 11 kati ya hayo yalikuwa ya michoro. Humo zilichorwa karakana za watengeneza sindano, wafumaji, wahunzi na waokaji, na chini yake vifaa vyao kimoja kimoja. Diderot alikuwa mtoto wa fundi visu wa mji wa Langres. Katika jamii iliyowaheshimu makabaila wasiofanya kazi, kuchora patasi ya seremala kwa uangalifu uleule uliotumika kuchora makasri kulikuwa na maana ambayo watawala hawakuikosa. Lakini wakumbuke wapenzi wa ensaiklopidia hiyo kwamba mikono inayoonekana mle mara nyingi ni misafi mno, na nyuso hazina jasho. Ni karakana iliyotulia, bila mshahara kidogo, bila mgomo, bila moshi.

Kasoro hiyohiyo ilirudi Marekani. Kibao cha kutia nakshi kwenye siagi, kikiwa peke yake juu ya karatasi nyeupe, ni kitu cha kupendeza sana. Hakionyeshi mwanamke aliyeamka usiku kukamua ng'ombe, wala mikono iliyosukasuka maziwa hata mabega yakauma. Tandiko la kitanda lililofumwa kwa nyuzi za buluu halisemi ni usiku mingapi ulitumika kulifuma, wala mfumaji alilifuma kwa hiari yake au kwa amri ya mwenye nyumba. Mchoro unapokitenga kitu na jiko lake unakisafisha, na kukisafisha kitu ni kukaribia kukisahaulisha. Ndiyo maana karatasi ya maelezo iliyoambatana na kila mchoro ilikuwa muhimu sana. Humo mchoraji alitakiwa kuandika kitu kinaitwaje, kilitengenezwa lini na wapi, na nani kama anajulikana, nani anakimiliki, na nani amekichora. Mara nyingi nafasi ya jina la fundi ilibaki wazi. Hata hivyo ilikuwapo. Nafasi iliyo wazi kwenye fomu ni namna ya kukiri kwamba kulikuwa na mtu.

Lakini si watu wote waliotengewa nafasi hiyo. Mradi uliojiita wa Marekani uliviacha kando, kwa uamuzi wa makusudi, vitu vya wenyeji asilia wa bara hilo. Vikapu, vyungu na mablanketi yaliyofumwa na watu waliokuwa huko kabla ya walowezi havikuhesabiwa kuwa usanifu wa Marekani. Hoja iliyotolewa ni kwamba hayo yalikuwa mambo ya wataalamu wa ethnolojia, ambao walikwisha kuyashughulikia. Tafakari maana ya hoja hii. Chungu cha mhamiaji kutoka Ujerumani ni historia ya taifa. Chungu cha aliyekutwa hapo ni sampuli ya kisayansi. Vyote ni udongo uliochomwa moto, vyote vimepikiwa chakula cha watoto. Kilichovitenganisha ni kabati.

Kazi za Wamarekani weusi nazo ziliingia kwa uchache, ingawa kusini mwa nchi hiyo hakukuwa na karakana, jiko wala shamba ambalo mikono yao haikulijenga. Katika suala hili kuna mtu mmoja ambaye kila mwanafunzi wangu wa historia namtaka amjue. Aliitwa Dave, na baadaye akajulikana kama David Drake. Alikuwa mtumwa na mfinyanzi katika wilaya ya Edgefield, jimbo la South Carolina, ambako alitengeneza mitungi ya udongo mgumu ya kuhifadhia nyama na mafuta. Mwaka 1834 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kukataza kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika. Mwaka huohuo Dave alikuwa akiandika. Kabla udongo haujakauka alichora kwa ncha kali, kwenye shingo na mabega ya mitungi, jina lake, tarehe, na mara nyingine beti fupi za mashairi. Aliendelea kufanya hivyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1859, akishirikiana na mwenzake aliyeitwa Baddler, alifinyanga mitungi mikubwa inayobeba karibu lita 150 kila mmoja.

Dave hakusubiri mchoraji wa serikali aje amwandikie jina. Alijua, naamini, kwamba chombo chake kitaishi kuliko yeye, na kwamba wenye chombo hawatakuwa na haraka ya kumtaja aliyekifinyanga. Leo mitungi yake imo katika majumba makubwa ya makumbusho ya Marekani na hununuliwa kwa fedha nyingi. Ingekuwa bila saini ingeendelea kuitwa mitungi ya Edgefield, na mtu mzima angekuwa amemezwa na jina la wilaya.

Hapa ndipo habari hii inapofika kwetu. Katika miaka ileile ambayo Cahill na wenzake walikuwa wakipanga mradi wao, Mwingereza Margaret Trowell alikuwa Kampala, ambako mwaka 1937 alianza kufundisha sanaa, na darasa lake likakua kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Katika miaka ya 1940 alisimamia pia Makumbusho ya Uganda. Makumbusho hayo, yaliyoanzishwa mwaka 1908, wenyeji waliyaita kwa Luganda Enyumba y'Amayembe, nyumba ya hirizi na mizimu, kwa sababu vitu vya ibada vilivyochukuliwa kwa watu vilikuwa vimerundikwa humo. Trowell alivutiwa na vitu vya kawaida zaidi. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyetokea Ujerumani, walichapisha kitabu kinene kuhusu kazi za mikono za Uganda. Trowell alishughulikia mambo ya nyumbani: vikapu, vyungu, vibuyu, vigoda, nguo za magome ya mti, vyombo vya maziwa. Wachsmann alishughulikia ala za muziki. Michoro yao ni ya mistari, imara na ya uangalifu mkubwa. Mtu anayetaka kujua ukindu ulivyopindwa kwenye mdomo wa kikapu atapata jibu.

Nakitaja kitabu hicho kwa heshima. Bila michoro ya namna ile tungekuwa tumepoteza maarifa mengi, na Trowell aliwafundisha vijana wa Kiafrika kuziamini mila zao za sanaa wakati ambapo wakoloni wengi waliamini hazipo. Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, alipita mikononi mwake, akawa mwalimu Makerere, kisha akaenda kuwa Balozi wa Tanganyika mjini London. Lakini tazama jalada. Kitabu cha Marekani kilichochapishwa mwaka 1950 kutokana na michoro ya Cahill kinaitwa kwa jina la usanifu wa Marekani. Cha Uganda kinaitwa Tribal Crafts of Uganda, kazi za mikono za kikabila za Uganda. Miaka mitatu tu inawatenganisha. Kwa Pennsylvania, birika ni usanifu, na taifa ndilo mwenye mali. Kwa Bunyoro, chungu ni kazi ya mikono, na kabila ndilo fundi. Fundi mwenyewe, yule aliyejua udongo wa bonde gani haupasuki motoni, hana pa kusimama.

Wapo watakaosema kwamba katika jamii zetu kazi ilikuwa ya wote, na kwamba kutafuta jina la mtu mmoja ni tabia ya kigeni. Nadhani hoja hii imetuchelewesha. Kila kijiji kilijua vyungu vya nani haviruhusu mchuzi kupata ladha ya udongo. Wanawake walitembea kilomita nyingi kwenda kununua kwa fulani na kumpita mwingine aliye jirani. Wafinyanzi walitambua kazi ya mkono wa mwenzao kama tunavyotambua mwandiko. Jina lilikuwapo sokoni na jikoni. Lilipotea njiani kuelekea makumbusho. Walionunua chombo kwa ajili ya kabati waliuliza kabila, kwa kuwa hilo ndilo swali lililokuwa kwenye fomu yao. Utawala wa kikoloni ulihitaji makabila kwa ajili ya kodi, machifu na mipaka ya wilaya, na makabati ya makumbusho yakafuata mpangilio wa ofisi.

Uhuru haukubadili fomu hiyo kwa haraka. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, ni mahali ninapopapenda, na nawashauri wazazi wawapeleke watoto wao. Mtoto wa mjini ataona kinu, mafiga, kitanda cha kamba, ghala la nafaka. Lakini ziara hupangwa kwa nyumba za makabila, kama ambavyo vitabu vyetu vya shule vilivyopangwa. Mgeni hutoka akijua nyumba fulani ni ya watu fulani. Ni mara chache atatoka akijua nani aliijenga, alijifunzia kwa nani, na alilipwa nini.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, Nigeria imeonyesha. Ladi Kwali alikuwa mfinyanzi aliyejifunza mitungi ya maji kwa jamaa yake kijijini Kwali, kama wasichana wengi wa Kigwari. Mwaka 1954 aliingia katika kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, na kazi zake zikajulikana Ulaya na Marekani. Leo sura yake akifinyanga mtungi imo nyuma ya noti ya naira 20. Mtungi wa maji na jina la aliyeufinyanga vinapita pamoja mikononi mwa watu kila siku, sokoni.

Nini basi tufanye sisi? Vitu vyetu duni vinaondoka kwa kasi. Ndoo ya plastiki imeufukuza mtungi, blenda imekifukuza kinu, nazi ya pakiti inaifukuza mbuzi pamoja na kifumbu chake. Sililii jambo hilo. Kinu kilikuwa mzigo, na aliyekitwanga kwa kawaida hakuwa yule anayekisifu sasa katika hotuba za utamaduni. Bibi zetu wana haki ya kupumzika. Kukichora chombo ni jambo tofauti na kumrudisha mtu kwenye chombo hicho; ni kusema kwamba kazi iliyofanywa humo ihesabiwe kabla haijasahaulika.

Tuna vijana waliosomea sanaa katika vyuo vyetu na ambao hawana kazi. Tuna wazee wanaojua. Tuna halmashauri zenye maofisa utamaduni. Kinachokosekana ni uamuzi kama ule wa 1935: kutumia kiasi kidogo cha fedha za umma kumlipa kijana mwenye penseli akae wiki nzima mbele ya mbuzi ya nazi, kigoda au kapu, akiwa na mwenye kukijua pembeni yake. Watasema kila kijana ana simu yenye kamera. Ni kweli, na apige picha pia. Lakini atakapoanza kuchora ndipo atakapouliza kwa nini meno ya mbuzi yamepindwa hivi, kwa nini mti huu na si ule, na nani alimfundisha fundi. Majibu ya maswali hayo ndiyo historia tunayoitafuta.

Na fomu ya maelezo tuiandike upya. Jina la kitu katika lugha ya mahali pake. Jina la aliyekitengeneza, na la aliyemfundisha. Jina la aliyekitumia, na kazi aliyofanya nacho kwa siku. Mahali na mwaka. Bei, kama kiliuzwa. Jina la aliyekichora. Kabila linaweza kuandikwa, kwa herufi ndogo, kwenye mstari wa mwisho. Pale jina la fundi lisipopatikana, mstari wake uachwe wazi na usifutwe, ili atakayekuja baadaye ajue kwamba hapo kuna deni.

Msomaji anayesubiri serikali ianze anaweza kusubiri sana. Nyumbani kwenu hakukosi chombo kimoja kilichotengenezwa kwa mkono, na hakukosi mzee mmoja anayekumbuka kilitoka kwa nani. Anza na hicho. Chora hata kama huna ujuzi, kwa maana mstari mbaya uliochorwa kwa makini unafundisha kuliko picha nzuri iliyopigwa kwa kupita. Kisha muulize mzee jina, na uliandike chini.